Uji wa Mama Mkwe Umetiwa Chumvi na Asali

Jamani, leo tumemnywesha mgonjwa uji wa asali na chumvi!

Mama mkwe ana homa. Siku ya tatu hali kitu, na mume wangu, mwanawe, yuko safarini mbali, amefuatana na msafara wa wauza nguo. Nilishaanza kuogopa.

Asubuhi nikampikia uji wa ulezi. Mimi mtu wa pwani, nikautia asali nyingi, kisha nikaenda kuteka maji.

Kumbe wifi yangu naye, bila kuuonja, akautia chumvi. Hapa Rugu, huku bara, ndivyo mama yao anavyoupenda.

Mama akanywa funda moja, akachungulia ndani ya kibuyu cha uji.

Wifi akaninong'oneza, "Wewe ulitia nini?"

"Asali. Na wewe?"

"Chumvi."

Tukatazamana. Na chumvi yenyewe ndiyo ilikuwa ya mwisho nyumbani.

Nikapiga magoti. "Mama, utusamehe. Tutapika mwingine."

Akakishika kibuyu kwa mikono miwili. "Mwingine wa nini? Na huu nimwachie nani?"

Akaumaliza wote. Sasa anataka ndizi, na wifi yuko shambani anakata mkungu.

Nyie wenzangu, kwenu uji mnautia nini?