Sahani ya Agathe na Taa Tano za Kijani

Mzee Talib hakujua kusoma, lakini kuhesabu mpaka tano alijua, na taa zilikuwa tano.

Zilikuwa taa za kijani, ndogo kama punje za choroko, zimepangwa juu kwenda chini kwenye sanduku jeupe lililofungwa ukutani chini ya ngazi. Ndani ya sanduku mna betri, na betri huweka umeme kama mtungi unavyoweka maji. Hayo aliyajua kwa kuwa marehemu mkewe, Bi Ghalia, alimweleza. Asubuhi taa zote tano zinawaka. Jua la Thamesmead likishatua, na siku za baridi hutua mapema kama lililoitwa pengine, taa huanza kufa. Inakufa ya juu. Inafuata ya pili. Na yeye mwenyewe kakaa kitini na koti lake, televisheni kaizima, hakupika.

"Nani anakunywa?" akauliza.

Nyumba haikumjibu. Tangu Shaabani nyumba ile haimjibu.

Sanduku lilikuwa la Bi Ghalia. Yeye alikuwa akitunza wazee wa Kizungu majumbani mwao, na huko ndiko alikosikia habari za paneli za jua na betri. Akaja mtu, akaleta karatasi, Bi Ghalia akatia saini. Talib akasema, "Fanya uonavyo." Ndivyo alivyosema maisha yake yote kwa mambo yenye karatasi. Yeye kazi yake ilikuwa kuosha mabasi, na basi haliulizi saini.

Sasa mwenye saini hayupo, na taa zinakufa.

Lau ingekuwa ni taa tu, angeziacha zife. Lakini katika chumba kidogo nyuma ya jiko lilikuwako friza, na ndani ya friza mlikuwa na sambusa. Bi Ghalia alizikunja siku zake za mwisho. Miguu ilikuwa haimbebi tena, akakaa kitini, manda mapajani, akatia kima, akakunja pembe, akabandika kwa uji wa unga. "Akiba haiozi," akasema. Ramadhani ikaingia yeye yuko kaburini. Binti yao, Ummukulthum, alipokuja kutoka Birmingham alitaka kuzikaanga kwa futari. Talib akasimama mbele ya friza. Alisimama tu, mpaka binti akaenda kumenya viazi.

Kila Ijumaa akirudi msikitini Talib hufungua friza, hutazama, husoma Fatiha, hufunga. Hakupata kula hata moja. Kazi ya mikono ile haitafanywa tena, basi ataila vipi?

Na sasa kuna mtu anakunywa umeme. Umeme ukiisha, friza litazimika. Friza likizimika... Hapo wazo lake lilikuwa linasimama, kama punda aliyeona shimo.

Huko Wete alikokulia, watu waliibiana umeme kwa waya. Mtu anarusha waya darini kwako, anapigia pasi nguo zake, na asubuhi anakuja kukuuliza umeamkaje. Kikulacho ki nguoni mwako. Talib akageuka, akautazama ukuta.

Nyuma ya ukuta ule alikaa Agathe, Mkongo wa Bukavu, msusi. Nyumba zao ziligusana. Bi Ghalia akiwa hai, sahani zilikuwa haziachi kwenda na kurudi: huku pilau, kule sombe, kisamvu cha kwao. Agathe alisukia watu nywele sebuleni kwake, na sebule ile ilikuwa inang'aa kama ukumbi wa harusi. Mashine za kukausha nywele zinavuma mchana kutwa. Talib akatega sikio ukutani. Zilikuwa zinavuma.

Siku ya pili akatoka nje kutafuta waya. Akaufuata ukuta kwa mkono, taratibu, kuanzia mlango wa nyuma mpaka kwenye bomba la mvua. Dirisha likafunguka juu yake.

"Papa Talib, unatafuta nini kwa ukuta yangu?"

"Paka."

"Uko na paka?"

"Sina."

"Basi hautamwona," Agathe akasema, akacheka. Alikuwa na kichana mdomoni.

Talib hakucheka. "Taa zako nyingi."

"Ninasuka watu. Nisuke kwa giza? Watatoka wote na njia za kupinda."

"Umeme ghali."

"Ghali sana, Papa. Mie sijui wewe unafanyaka namna gani."

Neno lile likamwingia Talib na kukaa. *Sijui wewe unafanyaka namna gani.* Mwizi ndiye anayeuliza hivyo.

Jioni ile Agathe akapitisha sahani ya sombe, kama alivyozoea. Talib akaila, maana alikuwa na njaa. Kisha akaiosha sahani, akaiweka kizingitini kwake Agathe tupu, akaenda zake. Alijua anachofanya. Kwao sahani ya jirani hairudi tupu. Unaitia hata tende tatu, hata chumvi. Kuirudisha tupu ni kusema jambo ambalo mdomo unaona haya kulisema.

Baadaye akampigia simu Ummukulthum.

"Baba, hakuna mwizi. Ni kampuni."

"Kampuni gani?"

"Ya umeme. Ni mpango aliouingia Mama. Jioni watu wote wanarudi kazini, wanapika, wanawasha hita, umeme wa mji unaelemewa. Basi wanachukua kidogo kwenye betri za watu. Halafu wanalipa."

"Wanaingia bila kubisha hodi."

"Wanachukua kwa kompyuta, Baba. Hawaji nyumbani."

"Na wanalipa."

"Wanalipa. Inapunguzwa kwenye bili."

"Yaani umeme walioniuzia wao, wananunua kwangu."

"Kama hivyo."

"Mwanangu, mtu akikuuzia mbuzi, kisha akarudi kununua maziwa yake, nenda ukamtazame yule mbuzi."

"Oh, Baba."

"Na friza?"

"Friza halina tatizo, Baba. Relax."

Hakuna tatizo. Hospitali nako waliambiwa hakuna tatizo. Talib akaweka simu chini. Sasa alikuwa na wezi wawili badala ya mmoja, na pengine walikuwa wakijuana.

Jumanne jioni akaweka kiti mbele ya sanduku. Taa ya juu ikafa. Ya pili ikafa. Ilipoanza kupepesa ya tatu akainuka. Ubavuni mwa sanduku kulikuwa na swichi kubwa nyekundu. Akasema bismillahi, akaizungusha.

Taa zote zikazima. Taa ya sebuleni ikabaki inawaka. Akajaribu birika la umeme, likachemsha. Akarudi, akasimama mbele ya sanduku.

"Mtungi nimeufunika," akaliambia. "Sasa tuone mtakunywa nini."

Kilichomo ndani kilikuwa cha friza peke yake. Ndivyo alivyopiga hesabu yake. Usiku ule alilala, jambo ambalo hakulizoea.

Jumatano na Alhamisi zilipita kwa raha. Kitu kimoja tu kilimkera: madirisha ya Agathe yalikuwa yanang'aa vilevile. Talib akawaza, basi ana waya mwingine.

Ijumaa akarudi msikitini, akavua kofia, akaenda chumba cha nyuma. Akafungua friza.

Ile pumzi ya baridi haikutoka. Mifuko ilikuwa imelegea. Maji yalikuwa yanatiririka kwenye pembe ya rafu, yanadondokea chini. Akabonyeza mfuko mmoja kwa kidole. Ukabonyea.

Fatiha hakuisoma. Alisahau. Akabaki ameshika mlango wa friza kama mtu aliyeshika mlango wa gari akisubiri mtu ashuke.

Hodi ikapigwa mlangoni. Alikuwa mwanamume wa Kihindi, nguo za kazi, mfuko wa vyuma begani.

"Hodi mzee. Mimi Hemant. Mimi ndiye nilifunga hiyo betri. Binti yako amenipigia, anasema kampuni imemwambia betri imenyamaza tangu Jumanne."

"Kiswahili umejifunza wapi?"

"Kisumu. Nilizaliwa huko. Sasa naishi Wembley."

"Kitambulisho."

Hemant akatoa kitambulisho. Talib akaiangalia picha, maana maandishi hayakumhusu.

"Huyu si wewe."

"Mzee, wakati huo nilikuwa na nywele."

Talib akamtazama kichwani, akampisha. Hemant akapiga magoti chini ya ngazi, akaona swichi.

"Nani alizima?"

"Wanakunywa umeme wa friza."

Hemant akageuka. Akamtazama mzee, kisha akatazama kule nyuma ambako maji yalikuwa yanadondoka. Akafahamu. Aliposema tena alisema polepole.

"Mzee, nyumba nzima inakula umeme wa barabarani. Betri ikiisha, nyumba haizimi. Ni friza peke yake nililifunga kwa betri. Mama ndiye alitaka. Alisema, Hemant, hata mtaa wote ukizima, friza langu lisizime."

"Na wao wakimaliza?"

"Hawamalizi. Ile taa ya mwisho hawaigusi. Niliiweka hivyo yeye akiwa amesimama hapa, mkono kiunoni. Alikataa kutia saini mpaka aone."

Talib akaketi kwenye ngazi.

"Kwa hiyo nimelizima mimi."

Hemant akazungusha swichi, taa tatu zikawaka, na nyuma kule friza likaanza kunguruma.

"Litagandisha tena?" Talib akauliza.

"Litagandisha. Lakini nyama ikishayeyuka usiigandishe tena, mzee, itakudhuru. Bado ina baridi. Zikaangwe leo, ama zitupwe."

Kukaanga Talib hakujua. Miaka yote alikula. Hakupata kugeuza hata moja kwenye mafuta. Binti yuko Birmingham. Akakaa kidogo akitazama viganja vyake. Kisha akavaa viatu, akatoka, akapiga hodi nyumba ya pili.

Agathe akafungua. Hakutabasamu.

"Papa. Umepata paka?"

"Sikupata. Sambusa za Ghalia zimeyeyuka."

Agathe akamtazama usoni kwa muda. Ndani kulikuwa na mteja, nusu ya kichwa kimesukwa, nusu kimesimama. Agathe akamwambia kitu kwa Kifaransa, akachukua kikaango chake kikubwa na ile sahani iliyorudi tupu, akapita mbele ya Talib bila kungoja kukaribishwa.

Mafuta yalipopata moto akatia ya kwanza. Harufu ya bizari nyembamba na pilipili manga ikapanda, ikaingia sebuleni, ikapanda ngazi. Talib akageuka, akatazama ukuta. Hemant akajishughulisha na vyuma vyake ambavyo tayari vilikuwa mfukoni.

"Hii nyama tulienda kununua pamoja," Agathe akasema, mgongo kawapa. "Plumstead, kwa bucha. Mama Ghalia akaniambia, leo betri ndiyo inanunua kima."

"Betri?"

"Pesa yenye kampuni ilimpunguzia kwa bili. Yeye aliiweka pembeni kila mwezi. Aliipenda ile kampuni, Papa. Alisema inanyoosha mkono jioni, lakini hairudishi sahani tupu."

Mafuta yakachemka. Talib akavuta kiti, akakaa, akainuka tena.

"Yako niliirudisha tupu."

"Niliiona."

"Nilidhani unaniibia umeme."

Agathe akageuza sambusa, moja moja, mpaka zote zikawa za rangi moja.

"Na mie nilidhani sombe yangu ilikosa chumvi," akasema.

Talib akasoma Fatiha kwa sauti, Agathe kajiinamia, Hemant kasimama na mikono mbele. Kisha akachukua sambusa moja, akaila yote, pembe mpaka pembe. Ilikuwa na pilipili nyingi. Ghalia siku zote alizidisha pilipili, na yeye siku zote alinung'unika.

Hemant akafungiwa zake kwenye karatasi. Mteja mwenye nusu kichwa akapelekewa zake. Sinia moja ikaenda msikitini kabla ya magharibi, na watu wakala wakimwombea marehemu. Talib aliporudi giza lilikuwa limeshaingia. Akamkuta Agathe anaosha kikaango. Akaweka kiti chake mbele ya sanduku.

"Unalinda nini tena?" Agathe akauliza.

"Nawatazama."

Taa zilikuwa tatu. Ikafa moja. Baada ya muda ikafa nyingine. Ikabaki ya chini kabisa. Talib akasogeza kiti karibu, akaikodolea macho kama mtu anayemsubiri mwongo aseme uongo wake. Haikuzima. Akaingoja. Ilikuwa bado inawaka.

Agathe akapita nyuma yake na kikaango. "Papa, friza haina kitu sasa. Zima tu, umeme unapotea bure."

Kutoka chumba cha nyuma friza lilisikika likinguruma, tupu.

"Liache," Talib akasema.

Akainuka, akaipangusa sahani ya Agathe, akatia sambusa nne alizozibakisha, akazifunika kwa kitambaa, akampa mkononi. Kisha akarudi kwenye kiti chake kuitazama taa.