Rafiki yangu aliwaambia nimepanda ndege, kumbe nilikuwa Nakivale namuuguza mama

Admin, jina la rafiki yangu nimelibadilisha, na langu usiliweke popote, maana anafuata ukurasa huu na ana mdomo.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na minne, Mkongomani, familia yetu inaishi kambi ya wakimbizi ya Nakivale, hapa Uganda. Sasa hivi nasomea utabibu ngazi ya diploma katika chuo kimoja hapa Mbarara, mwaka wa mwisho. Ndoto yangu ni kuendelea na shahada ya udaktari, lakini GPA yangu ni 2.8. Mwaka wa kwanza nilikuwa nasikia Kiingereza cha walimu kama redio ya mbali, mimi niliyezoea Kifaransa, na nikaanguka vibaya Anatomia na Biokemia. Muhula huu nikaamua kuyarudia masomo hayo mawili, nakaa na wadogo wa mwaka wa kwanza wanaoniita "auntie". Nilimeza aibu. Nilijua nikifaulu vizuri nitavuka 3.2, na hiyo 3.2 ni ya Neema.

Neema ndiye rafiki yangu. Tumetoka kambi moja, na hapa mjini, mtaa wa Nyamitanga, tunakaa chumba kimoja. Yeye anarudia Anatomia tu. Kila mwaka chuo chetu kinampendekeza mkimbizi mmoja kwa wafadhili wa shahada, mwenye GPA ya juu. Tulikuwa tunataniana, yeyote atakayepita atamtibu mwenzake bure. Mjinga mimi, nilidhani sote tunatania.

Sasa nikiri na langu. Anatomia ni Jumanne, na Jumanne Neema alikuwa anafanya kazi kwenye duka la dawa katika mji mdogo wa Kaberebere. Akaniomba nimsainie mahudhurio. Nikamsainia Jumanne nane, kwa mkono wangu, mpaka sahihi yake naiandika vizuri kuliko yangu. Najua ni kosa. Nilifanya kwa kumpenda.

Halafu mama yangu akaanguka huko kambini, upande mmoja wa mwili ukafa. Nikakimbia Nakivale. Kabla sijaondoka nilimwambia Neema amweleze mwalimu. Akanikumbatia, akasema, "Enda tu, dada. Ya huku uniachiye miye." Nilikaa wiki mbili. Mama yake Neema, jirani yetu, ndiye aliyekuwa anachota maji na kumwogesha mama yangu pamoja nami, na ndiye niliyemwachia nilipolazimika kurudi. Nilirudi nikiiombea baraka familia ile yote.

Nikakuta orodha ya watakaofanya mtihani imebandikwa. Jina langu halipo. Si Anatomia, si Biokemia.

Mwalimu wa Anatomia, ambaye ndiye pia anayeandaa orodha ya mtihani, aliwahi kuwa tabibu jeshini, na akitaka kugombeza hutumia Kiswahili cha jeshi. Aliponiona mlangoni alishtuka kabisa.

"Wewe! Si walisema wewe nakwenda Amerika?"

"Nani alisema, mwalimu?"

"Ule rafiki yako, munakaa nyumba moja. Alisema ndege imechukua familia yenu yote. Mimi nikatoa jina yako."

Wasomaji ambao hamjaishi kambini, naomba mnielewe. Kwetu habari ya mkimbizi kuhamishiwa Amerika hakuna anayeitafutia ushahidi. Mtu leo yupo kwenye foleni ya maji, wiki ijayo anatuma picha amevaa koti kubwa. Neema alijua hakuna atakayebisha. Angesema nimeacha shule, wangenipigia simu. Akachagua uongo ambao watu wanaupokea kwa furaha na kukupongeza. Nililia pale pale ofisini.

Mwalimu akasema, "Mimi sijui nani nadanganya. Mulete hapa, aseme mbele yangu alidanganya. Mwisho ni Ijumaa. Bila hiyo, hakuna mtihani." Na bila mtihani huu GPA inabaki ile ile, maana mimi namaliza, hakuna muhula mwingine wa kurudia.

Nilimkuta Neema anapiga pasi koti lake jeupe. Nikamuuliza kwa nini. Hakukana hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

"Ungenipita," akasema. "Miye niko na miaka makumi mbili na saba. Hii njo chance yangu ya mwisho. Weye ungali kijana."

"Twende kwa mwalimu useme ukweli."

"Nikisema, batanitoa ku liste ya wafadhili. Na weye ukienda peke yako, nitasema ni nani alinisainia Jumanne zote zile. Batatufukuza sisi wote wawili."

Akaendelea kupiga pasi. Nilitamani kumzaba kofi. Nilichofanya ni kutoka nje nikampigia mama, nikamweleza kila kitu. Kwa ule ulimi wake mzito mama akasema, "Mwanangu, mama ya Neema njo ananiogesha. Asubui njo ananigeuza ku kitanda. Ukimuharibishia mutoto wake, miye nitamuangalia namna gani?"

Leo ni Alhamisi. Nimeandika barua ya kukiri kosa langu la kusaini na kueleza uongo wa Neema. Ninayo mkobani. Nikiipeleka, huenda mwalimu akaniamini na kunirudisha kwenye mtihani, au huenda tukafukuzwa wote, na mama yangu akabaki kitandani bila mkono wa kumgeuza. Nisipoipeleka, Neema atapendekezwa, atakuwa daktari, na mimi nitampongeza mbele za watu huku nikijua.

Niambieni ukweli, hata kama ni mkali, hasa ninyi mliowahi kuumizwa na mtu ambaye bado mnamhitaji. Nifanye nini? Ofisi inafunguliwa kesho saa mbili asubuhi, na saa hiyo hiyo ndiyo mama yake Neema huingia na beseni la maji kwa mama yangu.