Makocha Watatu Katika Michikichi ya Nyanza-Lac

Tuliondoka Rumonge kwa sababu ya mtu mmoja, naye hakutuaga. Jina lake Nestori, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho katika koleji yetu na mshambuliaji wa kati wa timu yetu. Siku moja alikuwa darasani, kesho yake kitanda chake kikawa kitupu na blanketi limekunjwa vizuri. Mwenzake wa chumba alituambia kwamba dereva wa lori la mawese alimletea ujumbe kutoka kwao, upande wa Nyanza-Lac, naye akapanda lori lilelile bila kusema neno. Jumapili iliyokuwa inakuja tulikuwa na mechi ya nusu fainali dhidi ya shule moja ya Bujumbura.

Ninaandika haya nikiwa Uvira, upande wa Kongo, ninapoishi tangu mwaka wa sabini na mbili. Mauaji ya mwaka ule yalitutawanya, na wengine kati ya wale nitakaowataja sikuwaona tena. Lakini safari hii ni ya kabla ya hapo, uhuru ukiwa bado mpya, na naisimulia kwa ajili ya watoto wa Rumonge ambao husikia vilio tu wakiuliza habari za wazee wao.

Koleji yetu haikuwa ya misheni wala ya serikali. Watu wa mji waliijenga wenyewe baada ya uhuru: mwenye duka alitoa mabati, wavuvi wakabeba mawe, wanawake wakapika. Ilipokea vijana waliokosa nafasi kwingine, wengi wao wakiwa na ndevu tayari. Timu ilikuwa na makocha watatu, na hakuna aliyelipwa kwa kazi hiyo. Kocha mkuu alikuwa Mwalimu Gaspari, mwalimu wa hesabu, Murundi mrefu na mkavu ambaye hakupandisha sauti hata tukifungwa. Elia Etabo, Mubembe wa Fizi aliyekimbia vita vya Kongo, alifundisha useremala, na kwenye timu alifundisha makipa. Mimi Saidi, fundi cherehani wa mtaa wa Waswahili, nilifundisha ushonaji. Kwenye timu kazi yangu ilikuwa pumzi na miguu, kuwakimbiza wachezaji mchangani asubuhi na kuwakanda jioni.

Alhamisi alfajiri tulishika njia ya kusini. Tulikuwa watatu na baiskeli mbili, basi tulipokezana: wawili wanapanda, mmoja anatembea, wakifika mbele wanamngoja. Ziwa lilikuwa mkono wetu wa kulia, milima ya kwetu kushoto, na ng'ambo ya maji milima ya Kongo ilianza kuonekana ukungu ulipopanda. Etabo hakupenda kuitazama. Alipokuwa juu ya baiskeli aliinamisha kichwa kama mtu anayetafuta sarafu barabarani.

Mwituni Kigwena tulipumzika chini ya miti mikubwa. Nyani walishuka wakatukagua, wakaona hatuna ndizi, wakaenda zao. Hapo Mwalimu Gaspari alitueleza mpango wake.

"Tutamwomba baba yake kwa adabu. Nestori aje acheze Jumapili, Jumatatu nitamrudisha mwenyewe."

"Na akikataa?" nikauliza.

"Tutaomba tena."

Baada ya Kigwena mnyororo wa baiskeli yangu ulikatika. Etabo aliufunga kwa waya, ukakatika tena kwenye mlima wa kwanza, na kuanzia hapo ile baiskeli tuliisukuma. Jua lilikuwa kali, vumbi jekundu likashika jasho, na Mwalimu, ambaye shati lake jeupe nililishona kwa mikono yangu, alifanana na mchoma matofali. Hakulalamika. Alikuwa akitembea mbele, na kila tulipotaka kukaa alisema, "Ule mti wa mbele," na tulipoufikia ule mti, ulikuwapo mwingine.

Jioni tulifika Nyanza-Lac. Sokoni mwanamke aliyekuwa akianika ndagala, wale dagaa wa ziwani, alituonyesha njia ya kwa Mzee Barnaba, baba yake Nestori. Ilikuwa njia nyembamba inayopanda katikati ya michikichi. Kabla hatujaona nyumba tulinusa matunda yaliyoanza kuoza.

Nestori tulimkuta uani, kifua wazi, mikono imechubuka. Alipotuona aliangusha shoka, akasimama kama aliyefumaniwa.

"Amahoro, Nestori," Mwalimu akamwambia.

"Amahoro, Mwalimu. Mumekuja na miguu?"

"Nusu," Etabo akajibu.

Mama yake akatoka na vigoda, akatunawisha, akatuletea ugali wa muhogo na samaki mukeke wa kuchoma. Tulipokwisha kula tukaingizwa ndani. Mzee Barnaba alikuwa amelala kwenye mkeka, mguu wake wa kulia umefungwa vibanzi vya mianzi kutoka pajani hadi kifundoni. Alikuwa mtu mpana, na maumivu yalikuwa yamemfanya mkali.

Mwalimu alisalimu kwa heshima zote za Kirundi, kisha akatoa ombi lake kwa Kiswahili ili na sisi tusikie. Alieleza mechi, kombe, na jinsi mji wote unavyongoja. Alisema vizuri. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho.

"Na hiyo Jumatatu akirudi, atakuta nini? Mikungu iliyokatwa iko nje pale. Ingine inaivia juu. Mutoto mwanaume niko naye mmoja. Shule imekwisha, Mwalimu. Nilimwita arudi, amerudi."

Mwalimu akafungua kinywa aombe tena, kama alivyoahidi. Mama Nestori, aliyekuwa amesimama mlangoni na bakuli mkononi, akamtangulia.

"Munisamehe, walimu. Mumetoka Rumonge na baiskeli kwa ajili ya muguu ya mutoto yangu. Muguu ya baba yake hamujauliza."

Nilitamani sakafu inimeze. Ni kweli, tulikuwa tumekula chakula chake, tukaingia, tukakaa mbele ya mguu uliovunjika, tukazungumza mpira. Mwalimu Gaspari aliinama. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, "Mzee, ilikuwaje?"

Basi akatuambia. Kamba ya kupandia ilikatika akiwa juu ya mchikichi, akaanguka na mkungu wake. Alikaa chini pale tangu asubuhi hadi binti zake wadogo walipomsikia. Fundi wa mifupa alisema asiukanyage mguu ule mpaka mvua zije na ziondoke. Alipokwisha kusimulia alionekana mwepesi kidogo, kama mtu aliyetua mzigo, lakini neno lake hakulibadilisha.

Kijitoni, tulipokuwa tunaoga kabla ya giza, tulishauriana. Mimi nilisema wazi kwamba tukiondoka alfajiri tunaweza kuiwahi mechi, hata bila Nestori.

"Mechi ndiyo," Mwalimu akasema. "Lakini Nestori akibaki hapa, mwaka wake umekwisha. Mitihani inakaribia. Nimewaona wengi waliorudi nyumbani kwa juma moja. Hawarudi tena."

"Sasa tufanye nini?"

Alikuwa anasugua vumbi shingoni. "Matunda yale yanaoza kwa kukosa mikono. Sisi tuko na sita."

"Na timu?"

"Kapteni ataipanga. Tumemfundisha kwa nini, kama hawezi kuipanga siku moja?"

Etabo alicheka, mara yake ya kwanza tangu tutoke Rumonge. "Mimi nitapanda," akasema. "Fizi nilipanda michikichi kabla ya kujua kuvaa suruali."

Ijumaa asubuhi tulimpa dereva wa lori ujumbe ampelekee kapteni, tukaanza kazi. Etabo alisuka kamba mpya, akaijaribu kwa uzito wake wote, akapanda. Mikungu ikaanza kuanguka, puu, puu, na kila mmoja ulipoanguka Mama Nestori alishika kifua. Nestori na Mwalimu waliipasua kwa shoka, mimi na wasichana tukachambua chikichi, tukazichemsha kwenye pipa. Zikiiva, zinamwagwa kwenye shimo lililojengewa mawe, watu wanaingia na miguu iliyooshwa, wanakanyaga mpaka nyama inaachana na kokwa. Kisha maji yanamiminwa, na mafuta yanapanda juu, mekundu, yakienguliwa kwa kibuyu.

Ni kazi ngumu kuliko mazoezi yoyote niliyowahi kuwapa vijana wangu. Mchana wa kwanza mapaja yangu yalitetemeka. Mwalimu aliteleza akaanguka shimoni mzimamzima, akatoka mwekundu kama pilipili, na wale wasichana wadogo wakacheka hadi wakakaa chini. Kutoka ndani tukasikia sauti ya Mzee Barnaba: "Nini hiyo? Nani ameanguka?" Alipoambiwa ni mwalimu wa hesabu, naye akacheka, kisha akalalamika kwamba kucheka kunamuumiza mguu.

Jumamosi aliomba mkeka wake utolewe nje, chini ya upenu wa mlangoni. Kuanzia hapo hatukuwa na amani. "Maji mengi hayo! Wewe fundi, kanyaga na kisigino! Mukongomani, acha ule, haujaiva!" Etabo alimjibu kutoka juu, "Ndiyo, kocha!" na Mzee akapenda jina hilo, ingawa hakusema.

Nestori peke yake ndiye aliyekuwa na uso mzito. Tukiwa shimoni wanne, alimgeukia Mwalimu.

"Sikutaka watu wanifanyie kazi yangu. Ni haya kwangu. Ndiyo sababu sikuaga."

"Ungeaga," Mwalimu akasema. "Tungekuja mapema."

Jumapili, jua lilipopita utosini, Nestori alisimama ghafla ndani ya chikichi. Alikuwa ametazama kivuli cha nyumba. "Mwalimu," akasema, "saa hii wanaanza."

Sote tulisimama. Nilijua Mwalimu Gaspari anaona nini: uwanja wetu kando ya ziwa, watu wamejaa, benchi la makocha tupu.

"Kanyaga," akasema.

Tukakanyaga.

Jioni hiyo mafuta yalijaa madebe yote ya nyumba na mengine tuliyoazima kwa jirani. Mzee Barnaba aliyatazama, akatushukuru: "Murakoze cane." Halafu akauliza lile tuliloliogopa. "Hizi zimekwisha. Zitakazoiva juma lijalo je?"

Nilimtazama Mwalimu. Etabo ndiye aliyesema, huku akifuta miguu yake kwa majani.

"Tuko watatu, Mzee. Kila juma atakuja mmoja wetu, siku mbili. Na majirani wawili nimeongea nao, watapanda kwa kugawana mavuno. Mpaka utembee."

"Walimu wanajua kusema."

"Mimi si mwalimu wa kusema. Ni seremala."

Mzee alimwangalia mke wake. Sijui walisemezana nini kwa macho, maana watu waliooana muda mrefu wana lugha yao. "Mutoto aende," akasema mwishowe. "Lakini siku mmoja wenu atakosa zamu, siku hiyo namwita, na hatarudi tena kwenu."

Mama Nestori aliingia ndani haraka. Nilimsikia akifungua sanduku, akitafuta shati safi la mwanawe.

Jumatatu tulirudi juu ya lori la mawese, baiskeli zimefungwa kwa kamba, Nestori kakaa juu ya pipa na vitabu alivyokuwa amekwenda navyo. Karibu na Rumonge tulimkuta kapteni wetu kando ya njia. Hakungoja tushuke. Akapaza sauti, "Tumefungwa mbili kwa moja! Bao letu lilikuwa zuri, Mwalimu! Zuri sana!" Mwalimu alimpa mkono kutoka juu ya lori, akaushika muda mrefu.

Alasiri ileile komite ya koleji ilituita. Mwenyekiti wake, Mzee Hamisi, yule mwenye duka aliyetoa mabati, alikuwa amekasirika, na alikuwa na haki. Watu walimuuliza uwanjani makocha wako wapi, naye akaona aibu mbele ya mji wote. Mwalimu alieleza yote, pamoja na ahadi ya zamu.

"Kwa hiyo kila juma kocha mmoja hatakuwapo?"

"Ndiyo, Mzee."

"Na kama komite ikikataa?"

"Basi komite itafute makocha wengine," Mwalimu akasema, kwa sauti yake ileile ya siku zote. "Sisi tutakwenda Nyanza-Lac."

Mzee Hamisi alitutazama mmoja mmoja, mpaka miguu yetu, ambayo sabuni ilikuwa imeshindwa kuiondolea wekundu. Akavuta pumzi. "Wawili wanaobaki wafundishe kwa bidii," akasema, akafunga mkutano.

Kabla ya safari hii nilidhani kazi yangu inaanzia mstari wa chokaa na kuishia hapohapo. Nilikuwa nikijua pumzi ya kila kijana na goti linalomsumbua. Kwao sikupajua, wala sikujua nani anafanya kazi yake akiwa kwetu. Baada ya hapo nilianza kuuliza, na majibu mengine yalinifanya nipande baiskeli tena. Kombe hatukulipata mwaka ule. Nestori alifaulu mtihani wake, na matokeo yaliposomwa Mzee Barnaba alikuwapo, amesimama kwa fimbo.

Lakini hayo yalikuwa bado mbali. Zamu ya kwanza ilikuwa yangu. Nilinunua mnyororo mpya, nikamwachia Etabo wachezaji wangu na filimbi, nikafunika cherehani kwa kitambaa. Asubuhi, kabla mtaa haujaamka, nilishika njia ya kusini.