Nilivyousingizia mzani mpya kisa ndoo ya asali

Wakuu, habari za Jumapili.

Leo na mimi naleta yangu. Mke wangu kakaa pembeni anasoma kila ninachoandika, kwa hiyo hata nikitaka kuongeza chumvi sina nafasi.

Naishi Tabora mjini ila kwetu ni Goweko. Mama bado yuko huko, na kila msimu wa asali anapanda treni kuniletea ndoo moja ya lita ishirini. Kazi yangu kama mtoto wa kiume ni moja tu, kumpokea mzigo stesheni.

Mwaka juzi nilishindwa. Nilikuwa na ngiri, na daktari alishanipiga marufuku kunyanyua kitu kizito.

Basi mama, na umri wake ule, akajitwika ndoo kichwani. Mimi nikatembea nyuma yake nimebeba kipochi chake. Mtaa mzima ulituona.

Wakuu, ile aibu iliniuma kuliko ngiri yenyewe.

Upasuaji nao daktari aligoma mpaka nishuke chini ya kilo mia. Nilikuwa mia na kumi na mbili.

Nikaanza diet kwa hasira. Ugali nusu, soda hapana, michembe nikaiaga. Kwa msioijua, michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa. Ukila na karanga unashtuka sahani imeisha na hujui nani kamaliza.

Mzani wa kwanza nilinunua kwa machinga, ule wa mshale. Ule mzani ulikuwa kigeugeu. Nikisimama katikati, mia na kumi. Nikiegemea mguu wa kushoto, mia na sita. Juu ya zulia ndiyo nakuwa kijana kabisa. Nikajikuta kila asubuhi natafuta kona ya nyumba inayonipenda.

Mke wangu akaniuliza, "Baba Neema, unapungua au unahama vyumba?"

Nikaachana nao. Nikaenda dukani kuchukua wa dijitali, wa kioo. Huo haukuwa na utani. Mia na nane. Nikashuka, nikapanda tena, mia na nane. Nikauhamishia sebuleni, mia na nane.

Moyo ukakataa. Jasho lote lile, kilo nne tu?

Ndipo nikapata wazo la kuupima mzani wenyewe. Ndoo ya mama ilikuwa jikoni haijafunguliwa. Lita ishirini, mimi najua ni kilo ishirini kama maji. Mke wangu na jirani wakainyanyua huku wanaguna, wakaitua juu ya kioo.

Ishirini na nane na ushee!

Niliruka. "Mnaona? Mzani unaniongezea kilo nane!"

Mnicheke tu. Mtoto wa Goweko, nimekua nalamba asali, lakini kwetu tuliuza kwa chupa na kwa ndoo. Kilichokuwa kinapanda mzani ni tumbaku. Asali sikuwahi kuiona ikipimwa kilo hata mara moja.

Basi kuanzia hapo kila asubuhi nikawa natoa nane. Mzani uliposoma mia na saba, mimi nikahesabu tisini na tisa. Nikajipongeza kwa michembe, nikavaa shati la sikukuu, nikaenda hospitali.

Nesi akanipima. "Mia na saba, baba."

"Sista, na huu wenu umeharibika?"

"Panda tena."

Nikapanda. Mia na saba. Daktari akaniambia nirudi nikiwa tayari, na hakuwa anacheka.

Nilirudi nyumbani nimefura. Nafika uani, mke wangu anatoka bombani na ndoo ile ile kichwani. Asali alishaihamishia kwenye chupa, sasa ndoo imejaa maji. Mkono mmoja kashika ndoo, mwingine kashika simu, anaongea na dada yake wala haguni.

Nikasimama kama nimepigwa shoti. Asali ilihitaji watu wawili! Nikakimbilia mzani ndani, nikauleta uani.

"Mama Neema, hebu itue hapa kwenye mzani."

Ishirini na moja, na ndoo yenyewe ikiwemo.

Kumbe asali ni nzito kuliko maji. Mzani ulikuwa unasema kweli siku zote, nikausingizia. Mke wangu alicheka mpaka dada yake akakata simu.

Lakini mimi ni mbishi. Jirani alikuwa anajenga, nikamwomba aniletee mfuko wa saruji ambao haujafunguliwa. Hamsini. Akautoa, akaurudisha. Hamsini. Hapo nikauomba mzani msamaha, kweli kabisa.

Kwa hiyo ukienda kununua mzani, usidanganyike na urembo wa kioo. Uweke sakafuni pagumu, siyo kwenye kapeti la duka, panda na ushuke mara kadhaa. Ukikupa majibu tofauti, uache hapo hapo. Angalia na mwisho wake wa uzito, maana kuna mingine watu wa saizi yangu tunaiua. Ukifika nyumbani ujaribu kwa kitu kilichoandikwa kilo na kufungwa kiwandani. Siyo asali, tafadhali!

Halafu jipime asubuhi ukitoka chooni, kabla ya chai, sehemu ile ile. Betri ikianza kuchoka badilisha. Na usiangalie ya jana na leo, angalia inakoelekea wiki kwa wiki.

Nikaanza upya, safari hii bila kutoa nane. Ilikuwa ngumu, sitawadanganya, ila kila gramu iliyoshuka ilikuwa yangu ya halali.

Siku mzani uliposoma tisini na nane sikushangilia. Nilikwenda hospitali kimya kimya na shati la kawaida. Nesi yule yule akaangalia, akaniangalia usoni. "Tisini na nane, baba. Na huu je, umeharibika?"

Nilicheka mpaka machozi yakatoka.

Nikapasuliwa, nikapona, na baadaye daktari mwenyewe akaniruhusu kubeba mizigo.

Juzi treni imeingia. Mama anashuka, nikamwamkia, "Shikamoo mama." "Marahaba, baba." Akainama kuifuata ndoo kama kawaida yake, nikamuwahi. Nikaitia begani, kilo zake zote ishirini na nane na ushee. Mama akabaki na kipochi chake.

Tukapita mtaa ule ule, wakuu. Nilipita polepole makusudi.

Somo langu: mzani usiposema unachotaka, uchunguze vizuri kabla ya kuugombeza. Nawe mzani wako uliujaribu kwa kitu gani? Funguka hapo chini, mke wangu anasubiri kusoma.