Mitungi Saba ya Kuuzia Nyumba

Jirani yangu Hamidu alikuwa fundi wa milango hapa Newala, na kwa kujisifu hakuwa na mpinzani. Mwaka wa pili baada ya vita vya Maji Maji, mkewe Zena alimwambia wazi: magoti yamekwisha, kushuka bondeni kuteka maji hawezi tena, wahamie huko huko chini kwa dada yake, karibu na kisima. Hamidu akaapa hatoki mpaka nyumba yake ipate mnunuzi anayeistahili. Mlango ule aliuchonga miezi mitatu, jamani!

Mnunuzi akatokea: Haji, mchuuzi wa utomvu wa mpira kutoka Lindi, aliyetaka nyumba karibu na boma la Wadachi. Hapo Hamidu akapagawa. Akapaka kuta udongo mweupe, akabadilisha nyasi za paa upande wa mbele tu (nyuma atapita nani?), akaja kuniazima mkeka wangu mpya. Kisha akapanga mitungi saba barazani. "Mama Fikirini, ijaze yote," akamwambia mkewe. "Mgeni akiona maji tele, hataulizia yanakotoka."

Ya Rabi! Mwanamke anataka kuhama kwa sababu ya maji, sasa ateke maji ndiyo ahame. Siku nne alishuka na kupanda. Mimi nilimsaidia mitungi miwili, na nilimsema Hamidu kila kona ya njia. Mwenyewe hakugusa hata kata ya kuchotea. Kazi ya wanawake hiyo, alisema, huku akiusugua mlango wake kwa mafuta ya nyonyo.

Haji akaja na mkewe, Mwanaisha. Wakausifu mlango, wakausifu mkeka (wangu). Mwanaisha akanawa miguu kwa mtungi mzima, kisha akavuta wa pili, akawamwagia kuku. Hakuwa na ubaya, kwao maji yapo.

"Mwaga tu, mama," Hamidu akachekelea. "Hapa maji si kitu."

Zena akapasuka. "Si kitu? Hayo nimeyapandisha kutoka bondeni siku nne!" Akafunua magoti yaliyovimba, mbele ya wageni, akalia.

Mwanaisha akayatazama, akavaa viatu. "Ahsante, dada yangu, umeniokoa," akasema, na biashara ikaishia hapo.

"Umenifukuzia mteja!" Hamidu akafoka. Asubuhi Zena alifunga mzigo wake, akateremka kwa dada yake, nyumba akamwachia.

Siku tatu Hamidu alitumia yaliyobaki mitungini. Ya nne akabeba mtungi. Wanawake tulijipanga njiani, na vigelegele tulipiga, sioni haya kusema. Akashuka. Tukangoja apande. Jua likapinda, Hamidu haonekani, roho ikanisuta nikamfuata.

Nilimkuta mlangoni kwa dada yake Zena, amekaa chini kando ya mtungi uliojaa, anayakanda magoti. Amejaribu kuupanda mlima mara tatu, zote ameishia njiani.

"Miaka kumi na tisa unaupanda huu, Mama Fikirini," alikuwa akimwambia mkewe, machozi yanamlengalenga. "Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia kila siku," Zena akasema, akampisha aingie.