Kompyuta Yangu Ilipopiga Hodi Kengeja

Jamani, leo nacheka, lakini siku ile niliomba ardhi ya Kengeja ipasuke inimeze mimi na laptopu yangu. Nilikuwa nimewaita wazazi shuleni kuwaomba mabinti zao wabaki baada ya alasiri wajifunze kompyuta, na wote macho yao yalikuwa kwa Mzee Faki, babaake Zuhura, kwani akikubali yeye wamekubali wote, akikataa basi darasa limekufa kabla halijazaliwa (na huyo Zuhura ndiye mwenye kichwa chepesi kuliko wote, mimi nikiwemo).

Wasichana walikuwa wametengeneza programu ya kuonyesha picha za mashamba ya wazee wao, wakaiita hodi. Ilitosha. Lakini mimi na mbwembwe zangu nikaona iko kavu, nikajirekodi nikisema "Hodi, hodi wazazi wetu," kisha nikaandika kijifaili cha amri cha mistari miwili, wa kwanza ucheze sauti yangu, wa pili uiite ile programu yao kwa jina lake, hodi. Na kijifaili chenyewe nikakiita hodi, uvivu tu wa kutafuta jina jingine. Majina haya huwa na mkia, nukta na herufi tatu, ndio ubini wake, na programu ya wasichana ilikuwa na mkia wake na ilikaa folda nyingine kabisa, lakini nani ana muda wa kuandika ubini?

Sasa kompyuta ukiiandikia jina tupu, hutafuta kwanza pale pale iliposimama. Ni sawa na kumtuma Kombo akamwite Kombo wa nyumba ya pili, naye akisikia jina anaitika mwenyewe; kijifaili kikawa kinajiita chenyewe badala ya kuiita programu. Nikabonyeza. Sauti yangu ikapiga hodi kwenye spika, wazazi wakaitikia karibu, nikatabasamu. Ikapiga tena, wakaitikia tena kwa adabu. Ya tatu wakaitikia wachache. Baada ya hapo kimya, na mimi kwenye spika bado nabisha.

Nikachomoa waya, betri imejaa (niliichaji mwenyewe kwa hofu ya umeme kukatika). Nikaifunika, ikanyamaza, nikaifunua kwa matumaini, ikaendelea ilipoachia. Zuhura alikuwa ameziba mdomo kwa mtandio, mabega yanamcheza.

Mzee Faki akasema taratibu, "Mwalimu, mgeni wako huyo tushamkaribisha, mbona haingii? Na kama hakusikia, hodi ni tatu, mtu hurudi zake."

Watu wakavunjika mbavu. Mimi nikaona darasa linakwenda na maji, maana nani atamtoa bintiye akafunzwe na mashine isiyo na adabu? Nikakiminya kitufe cha kuzimia, nikaking'ang'ania mpaka skrini ikawa nyeusi, kisha nikawaeleza kosa langu, na wala sikujua kama kuna aliyenielewa.

Mzee Faki akanyanyuka, akatafuta viatu vyake mlangoni.

"Zuhura atakuja, na wenziwe waje," akasema. "Lakini na weye mwalimu ukae nao darasani, naona somo lenyewe bado hujalimaliza."

Nimekaa. Tangu siku ile siandiki jina la faili bila mkia wake na folda yake, hata nikiwa peke yangu, na nikiwa darasani Zuhura hupita nyuma ya kiti changu kunikagua.