Gorogoro ya Mbegu

Ndengu zikimiminwa kwenye mkebe mtupu, mimi huacha ninachofanya nikasikiliza. Zilizojaa vizuri hugonga bati kwa kishindo; zilizosinyaa hunong'ona tu. Sikio hilo nilipewa na mama yangu, ambaye kwa Kikamba tulimwita Mwaitu, kule nyumbani karibu na mji wa Kabati.

Mwaka ule mvua ilikatika ndengu zikiwa kwenye maua. Mwaitu alipura kidogo tulichovuna, akapepeta, kisha akajaza gorogoro mbili, ile mikebe ya kupimia nafaka: moja ya shamba la juu, moja ya bondeni. Akazisawazisha kwa kijiti, akashika moja kila mkono, akafumba macho kama mtu anayeomba. Kwangu mimi zilikuwa sawasawa kabisa.

"Hii ya bondeni imebeba," akasema. "Hii ingine ni maganda tu. Tutakula maganda. Hii nzito ni ya kupanda."

Kaka yangu Mutua, ambaye tumbo lake halikujua aibu, akajaribu bahati. "Mwaitu, si utuongezee hata kikombe moja tu?"

"Na mvua ikikuja nitapanda nini, kikombe?"

Alizichanganya zile nzito na jivu, akafunika mkebe, akausukuma chini ya kitanda chetu sisi watoto. Tukala zile nyepesi, nyingine zikibaki ngumu hata baada ya kuchemka mchana kutwa.

Kila Jumapili tukitoka kanisani, kabla hata ya kuvua kitambaa cha kichwa, Mwaitu aliinama, akautoa mkebe na kuupima kwa mikono. Nilikasirika kwelikweli. Kumbe anatuona wezi! Mutua alinuna kunishinda, labda kwa sababu wazo lenyewe lilikuwa limeshampitia.

Mvua iliponyesha, mbegu zile ziliota mistari mizima bila pengo. Majirani walisimama kando ya shamba kuzitazama.

Siku hizi nanunua nafaka kwenye soko la Kwa Vonza. Kabla ya kukubali gunia, najaza mkebe, nausawazisha, nauweka kwenye mizani. Kazi hii ndiyo iliyonifunza kwamba fukusi hula punje kutoka ndani: mkebe hubaki umejaa, ila unazidi kuwa mwepesi. Kumbe Mwaitu alikuwa akiwatafuta wao. Nampenda zaidi kila nikikumbuka. Sisi watoto wenye njaa alitulaza juu ya mbegu yote aliyokuwa nayo, wala hakuweka kufuli.